Skafu ya hariri ya "ramani ya rubani": kitambaa nimekikubali, kikadi chake hapana

Wadau wa nguo habari zenu. Niliahidi ntaleta rivyu ya ile skafu ya hariri yenye ramani ya vita niliyoagiza mtandaoni, sasa ndo hii. Wenye haraka niwape jibu mapema: kama shida yako ni kitambaa, nunua, hutajuta. Kama unanunua kwa sababu ya ile stori ya mapenzi waliyoiandika kwenye kikadi ndani ya boksi, basi soma mpaka chini kwanza, maana hapo ndo mi na wao tumepishana.

Bidhaa yenyewe ni sentimita 90 kwa 90, hariri, imechapwa nakala ya ramani ambazo askari wa ndege wa Uingereza walikuwa wanapewa vita ya pili ya dunia ili wakidondoka kwenye nchi ya adui wajue pa kukimbilia. Hii yangu ni Ufaransa yote mpaka kwenye milima ya Pyrenees na kipande cha Hispania. Bei ilikuwa laki moja na themanini, usafiri juu yake, na ushuru nao ukanisubiri mlangoni. Muuzaji simtaji jina maana kuna mambo ntayasema hapa hayatamfurahisha na sina ugomvi na mtu. Boksi gumu zuri, ndani karatasi laini, afu ndo hicho kikadi: mchoro wa kijana wa kizungu, koti la ngozi, miwani ya ndege kaipandisha kichwani, na chini maneno kwamba ramani hii ndiyo iliyomwongoza rubani aliyeanguka ugenini mpaka kwenye mikono ya mpenzi wake. Mpenzi mwenyewe kwenye mchoro hayupo. Hana jina wala sura, kazi yake ni kukaa sehemu fulani kwenye ramani anasubiri kufikiwa.

Hapo ndo nilipoanza kukasirika lakini ngoja nimalize kitambaa kwanza, mi ni fundi, siwezi kuruka.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchomoa uzi mmoja kwenye pindo nikauwashia kiberiti. Hariri ya kweli inaungua taratibu, inanuka kama nywele zimeungua saluni, na inabaki majivu yanayosagika ukiyagusa. Poliesta inayeyuka inakuwa kishanga kigumu cheusi. Hii imeungua kama hariri, kwaiyo hapo hawajadanganya, na mnajua Kariakoo tunavyouziwa "silki" ambayo ukiipiga pasi tu inashika kwenye chuma. Pindo limeviringishwa kwa mkono, mishono midogo midogo inayofuatana, kona moja tu imevimba kidogo kama mtu alikuwa anawahi daladala. Uzito mzuri, inamwagika vizuri, haijakakamaa. Nikaifua kwa maji baridi na shampuu kidogo, nikaikandamiza kwenye leso nyeupe: bluu ya bahari ilichuja kidogo mara ya kwanza, baada ya kusuuza na maji yenye siki ikatulia.

Lawama yangu moja kwa upande wa fundi ni kwamba wamechapa upande mmoja tu. Ukiigeuza nyuma unaona kivuli cha rangi, imefifia, majina hayasomeki. Zile ramani zenyewe za vita zilikuwa zinachapwa pande zote mbili, unageuza unapata nchi nyingine, na hiyo ndo ilikuwa raha yake. Toleo moja lilikuwa na Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani upande mmoja, ukigeuza unakuta Ufaransa na Hispania. Kwa bei hii walishindwa nini?

Na hizo za zamani kwa kweli ni kazi ya watu waliojua kitambaa. Idara yenyewe iliitwa MI9, ilianzishwa Desemba 1939, kazi yake kuwasaidia askari watoroke au wasikamatwe. Ndani yake kulikuwa na bwana mmoja Christopher Clayton Hutton, mtu wa vituko, akapewa kazi ya kubuni vifaa. Ramani akazipata kwa kampuni ya Bartholomew ya Edinburgh, hawakumdai hata senti ya haki miliki. Tatizo likawa wino: kwenye hariri wino unatambaa, mstari mwembamba unakuwa mnene, jina la mji linakuwa doa. Yeyote aliyewahi kuchora kwenye hariri anajua hicho kilio. Dawa yake ikawa kuchanganya wino na pektini, ile ile inayofanya jemu igande, wino ukasimama mahali pake. Uchapaji ukafanywa na Waddington wa Leeds, wale wale waliokuwa wanachapa ule mchezo wa ubao wa Monopoly, wa Uingereza. Na kwa nini hariri? Kwa sababu karatasi ikilowa imekwisha, ikikunjwa sana inachanika, na ukiifungua usiku kwenye banda la ng'ombe inapiga kelele. Hariri unaikunja inakuwa ndogo kama kipande cha sabuni, unaificha kwenye pindo la koti, ukiifungua haitoi hata mchakacho. Baadaye hariri ilipokuwa adimu wakahamia reyoni.

Na haikuwa ramani peke yake. Kulikuwa na pochi ya hela za nchi wanazopita juu yake, kulikuwa na kiboksi cha plastiki chenye peremende za maziwa, vidonge vya kusafishia maji, vidonge vya kukufanya usilale, dira ndogo ndogo, nyingine zimefichwa kwenye kifungo cha suruali. Walikuwa wanabeba na picha za paspoti wamevaa kiraia ili wakipatikana watu wa kuwatengenezea kitambulisho feki picha iwe tayari. Kuanzia 1943 hata buti zilibadilishwa: ndani kuna kisu kidogo, unakata ile sehemu ya juu, chini inabaki kiatu cha kawaida cha mtembea kwa miguu. Mi kama fundi hapo napiga saluti.

Sasa turudi kwenye kikadi.

Ramani hizo nyingi zilikuwa za skeli ya 1 kwa 1,000,000. Maana yake sentimita moja kwenye kitambaa ni kilomita 10 ardhini. Nilichukua futi yangu ya kupimia nikaiweka juu ya skafu, kutoka katikati ya Ufaransa mpaka mpakani Hispania ni kama urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole. Kwa skeli hiyo kijiji hakionekani. Shamba, kisima, nyumba yenye mbwa, nyumba ambayo mwenye nyumba ni rafiki wa polisi, hivyo vyote havipo. Sasa huyo kijana kaanguka usiku kwa parachuti, kifundo cha mguu kimeteguka, lugha hajui, amevaa sare, anajua tu kwamba yuko kwenye kisentimita fulani cha hariri. Ramani itamwambia Hispania iko kusini. Mlango upi agonge, haimwambii.

Waliofungua milango ndo hao ambao kikadi kimewasahau, na wengi walikuwa wanawake, na wengine wadogo kweli kweli, wasichana ambao huku kwetu mama angekuwa bado anawauliza wanarudi saa ngapi.

Na walijua wanachokifanya. Tarehe 22 Septemba 1941 jeshi la Ujerumani, lililokuwa limeiteka Ufaransa, lilibandika tangazo huko: mwanamume yeyote atakayemsaidia askari wa ndege wa adui, awe kamficha au kamtorosha, anapigwa risasi papo hapo. Mwanamke, kambi za mateso Ujerumani. Na atakayewakamata au kuwasaliti anapata mpaka faranga 10,000. Hesabu ni rahisi tu hapo, jirani yako mwenye njaa anaisoma kila asubuhi akienda kupanga foleni ya mkate. Askari mwenyewe akikamatwa, kwa sheria ni mateka wa vita, anapelekwa kambi ya mateka, anaandika barua nyumbani, anapata vifurushi vya Msalaba Mwekundu. Sisemi alikuwa salama, mwaka 1944 askari wa ndege 168 waliokamatwa wakiwa wamevaa kiraia walipelekwa kambi ya mateso ya Buchenwald kabisa, sio kambi ya mateka. Ila kwa kawaida yeye alikuwa na kitu cha kumkinga. Binti aliyempikia supu hakuwa nacho.

Kwaiyo mtu akiniambia mapenzi ya rubani na msichana wa Kifaransa nikaona kwenye boksi kuna rubani peke yake, naona kama picha ya harusi imekatwa nusu.

Kuna kisa kimoja cha kweli ambacho ningependa wao ndo wangekiweka humo ndani. Gordon Carter. Huyu hakuwa rubani, alikuwa navigeta, yaani kazi yake ndani ya ndege ni kusoma ramani! Alikuwa kwenye skwadroni ya 35 ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, ndege aina ya Halifax, na Februari 1943 walipokwenda kupiga mabomu Lorient, pale Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, ambapo Wajerumani walikuwa na kituo cha nyambizi, wakatunguliwa. Akaruka. Alikuwa na bahati kubwa kwamba Kifaransa alikuwa anakiongea vizuri, kitu ambacho wenzake wengi hawakuwa nacho. Basi akaangukia mikononi mwa Wafaransa waliokuwa wanawapinga Wajerumani kwa siri, mmoja wao Georges Jouanjean, na familia ya Georges ikawa ndani ya mambo hayo hayo. Ndo hapo, kwenye mji wa Carhaix, akakutana na Janine, dada yake Georges.

Sasa fikiria hali. Unapendana na mtu ambaye kuwepo kwake tu ndani ya mji ni hukumu kwenu nyote. Huwezi kumtambulisha kwa mashoga zako. Huwezi kutembea naye sokoni ukajisahau. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi hayawezi kufichika, sasa weka hayo mapenzi kwenye nyumba ambayo na kikohozi chenyewe cha kweli hakitakiwi kusikika, majirani wanajua humu ndani mko wangapi, sauti ya mwanaume mmoja zaidi usiku ni habari ya mtaa kesho asubuhi. Hata nguo. Mi kila kitu nakiona kwa nguo mtanisamehe: shati la kiume kwenye kamba ya nyumba isiyo na mwanaume wa saizi hiyo, mtu mwenye jicho anaona. Chakula ni cha kadi, mdomo mmoja zaidi inabidi wengine mpunguze. Na viatu, jamani, hao vijana wa Kiingereza na Kimarekani wengi walikuwa warefu, kuwapatia suruali na viatu vya kiraia vya kuwatosha ilikuwa kazi ya kuhangaika mtaa mzima bila kusema unamtafutia nani.

Aprili 1943 Carter akaondoka kwa mashua ya wavuvi kutoka upande wa Douarnenez, yeye na wengine wamejificha ndani, wakavuka mpaka Cornwall, Uingereza. Janine akabaki. Yaani yeye ndo aliyebaki na Wajerumani mtaani, na posta ya kawaida kati ya Uingereza na Ufaransa ilikuwa imekatika, na hata kama ingekuwepo ungeandika nini? Waliorudi kwa njia hizo walikuwa wanasainishwa karatasi kwamba hawatasema neno kuhusu waliowasaidia. Upendo wako wote unakuwa siri ya serikali.

Halafu jamaa akarudi kuruka. Februari 1944 akatunguliwa tena, safari hii juu ya Ujerumani, hakukuwa na Janine wa kumfungulia mlango, akakamatwa akaishia Stalag Luft III, kambi ya mateka wa jeshi la anga. Kichwani kwake kuna majina, kuna nyumba, kuna sura za watu wa Bretagne ambao neno moja tu lingewamaliza. Vita inaisha 1945, anaachiliwa, na anafanya nini? Anarudi Bretagne. Walioana mwaka huo huo wa 1945.

Hiyo ndo stori, na mnaona ramani iko wapi humo? Navigeta, mtu aliyesomea ramani, mara ya kwanza aliokolewa na watu, mara ya pili hakukuwa na watu akakamatwa. Mi sihitaji mtu anichoree zaidi ya hapo. Kama wangeandika hiki kisa kwenye kikadi, na jina la Janine likawa la kwanza, ningewapa nyota tano hata na ile kona iliyovimba.

Na sidhani kwamba kila aliyefichwa alipendwa, tusipeleke mambo kwenye tamthilia ya Kituruki. Wengi walikaa siku chache chooni au darini wakapelekwa nyumba nyingine, hata jina la kweli la mwenye nyumba hawakulijua, na ilitakiwa iwe hivyo, ukikamatwa usichokijua huwezi kukisema. Mitandao mikubwa ya kutorosha watu ilikuwa na nidhamu ya chuma. Ule maarufu kabisa, Comète, ulianzishwa Ubelgiji na binti wa miaka 24, Andrée de Jongh, walimwita Dédée. Agosti 1941 alitokea kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza pale Bilbao na askari mmoja wa Kiskoti na Wabelgiji wawili, kasafiri nao kutoka Ubelgiji, na Pyrenees kavuka nao kwa miguu. Waingereza hawakumwamini mwanzoni, walidhani ni mtego wa Wajerumani, binti mdogo hivi kawezaje? Akarudi akaleta wengine. Akarudi tena. Zaidi ya watu mia moja aliwavusha yeye mwenyewe, mbele yao anatangulia mvusha magendo wa Kibaski, Florentino Goikoetxea, ambaye alijua milima ile usiku kwa kukanyaga tu.

Na kwenye treni ndo unakutana na mapenzi ya kuigiza. Vijana hawa hawajui lugha, mtu akiwauliza moto wa sigara wamekwisha, kwaiyo ilikuwa mbinu inayojulikana, binti anayemsindikiza anajifanya mpenzi wake, wanakumbatiana, wanalaliana bega, Mjerumani au konda akija anaona aibu kuwakatiza anapita zake. Nyumbani walikuwa wanafundishwa kwanza: usitembee mikono mfukoni, usicheze na chenji mfukoni ikalia, usitafune bigijii, uma ushike mkono wa kushoto usibadilishe kama Mmarekani, sigara ivute mpaka mwisho kabisa maana Mfaransa wa wakati ule hatupi kipande. Fikiria binti anafundisha jitu zima kula upya. Sasa niambie katika kuigiza huko hakuna aliyeigiza mpaka moyo ukasahau kwamba ni maigizo? Lazima walikuwepo, sisi wote binadamu. Ila kesho yake binti anashuka kituo kingine, anapanda treni ya kurudi, kumchukua mwingine.

Dédée alikamatwa tarehe 15 Januari 1943 kwenye shamba moja Urrugne, karibu kabisa na mpaka, mvua ilijaza mto ikabidi wasubiri. Walisalitiwa. Mama mwenye shamba, Frantxia Usandizaga, mjane mwenye watoto, naye akachukuliwa, akafia kambi ya mateso ya Ravensbrück. Baba yake Dédée alipigwa risasi karibu na Paris mwaka 1944. Dédée mwenyewe alitoka kambini akiwa hai, akasomea unesi, na hapa nisikilizeni, akaja Afrika, akahudumia wagonjwa wa ukoma Kongo ya Wabelgiji, baadaye Ethiopia na kwingine. Alifariki 2007. Watu wanaovaa skafu hii wakipiga picha hata jina lake hawajawahi kulisikia, na ile milima ya huo upande wa kusini wa ramani yeye aliivuka kwa miguu.

Haya, nimepumua. Nirudi kwenye nguo maana kuna kipande kitamu kimebaki.

Vita ilipoisha Uingereza nguo zilikuwa bado za kadi, walianza Juni 1941 wakamaliza Machi 1949, karibu miaka minane unahesabu kuponi kununua gauni. Ramani zilizobaki zikauzwa kama mabaki ya jeshi, na mafundi wakafanya yao: blauzi, magauni, vifuniko vya taa. Kuna seti moja maarufu, sidiria na chupi, ilishonwa kwa ramani ya hariri ya RAF ya Italia ya kaskazini kwa ajili ya Patricia Mountbatten, binti wa ukoo wa kifahari wa Uingereza, ramani kapewa na mpenzi wake aliyekuwa jeshi la anga. Makumbusho ya Imperial War Museum, London, waliionyesha 2015. Sasa hiyo ndo matumizi ya ramani niliyoyaelewa moja kwa moja, Italia ya kaskazini imekaa mahali pake panapostahili!

Na maparachuti ndo usiseme. Vijijini Ufaransa parachuti likianguka amri ni lizikwe haraka, ni ushahidi, lakini ni mita na mita za kitambaa ambacho hamjakiona miaka, kwaiyo wapo walioficha, wakakata, wakashona blauzi na nguo za watoto, na ukikutwa nayo umekwisha. Mi nawaelewa kabisa hao wamama. Mwanzoni maparachuti yalikuwa hariri, baadaye hariri ya Japani ilipokatika Wamarekani wakahamia nailoni. Pale makumbusho ya Smithsonian, Washington, kuna gauni la harusi la nailoni, lilikuwa parachuti la Claude Hensinger, rubani wa B-29, ndege ya mabomu ya Wamarekani, aliruka nalo Agosti 1944 juu ya China injini ilipowaka moto, usiku akajifunika nalo kama blanketi. Akarudi nalo Marekani, akamposea Ruth badala ya pete, wakaoana 1947. Ruth hakuwa mtu wa huko alikoangukia, alikuwa wa kwao Pennsylvania, kwaiyo sio kisa cha aina moja na cha Janine, lakini kwa fundi lile gauni ni darasa: sketi Ruth aliitengeneza mwenyewe, akavuta kamba za parachuti zenyewe, mbele ikapanda nyuma ikabaki na mkia. Kubuni na kitambaa ulichonacho, hapo ndo fundi anajulikana.

Sasa matumizi. Nimejaribu skafu hii kama kilemba, inateleza, hariri nyepesi bila pini haikai, weka kofia ya pamba ndani. Kama mtandio wa begani kwenye gauni la rangi moja, inapendeza sana, hasa ukiikunja pembe tatu ile Bretagne ikaangukia mbele. Shingoni na shati jeupe ni ofisi kabisa. Kama hijabu ni ndogo kwa wengi, 90 haitoshi kufunika kifua vizuri, wanauza na ya 110 mtandaoni nimeona. Usiipige pasi ya moto mkali, igeuze, weka kitambaa cha pamba juu, joto la chini. Perfumu usipulize moja kwa moja, inaacha alama. Jua la Dar msiianikie, kivulini tu, bluu hiyo itakimbia.

Kwa zawadi, ndiyo, mwanamke anayependa historia au anayesafiri ataipenda. Mwanaume pia, ifanye kitambaa cha mfukoni wa koti. Kwa anayetaka kushona nguo nzima, hapana, upande wa nyuma utakuangusha, labda uweke bitana.

Kwa hao wauzaji kama mna mtu anayesoma Kiswahili: chapeni pande mbili, zile kona mrudie, na kikadi andikeni upya. Hata mistari mitatu inatosha. Tangazo la Septemba 1941 mstari mmoja, Janine mstari mmoja, Dédée mstari mmoja. Kijana wa koti la ngozi mwacheni tu, ila mwekeni pembeni asogee kidogo mwenzie apate nafasi.

Nyota tatu na nusu. Kitambaa nne, uchapaji tatu, kikadi sifuri nimekionea huruma nikakiacha nje ya hesabu. Kuna mteja wangu ameiona dukani anataka iwe bitana ya koti la bwana harusi, nimemwambia moja haitoshi, aagize mbili kwa mkupuo ili rangi zifanane, na ile ya Uholanzi na Ubelgiji wakiwa nayo ndo anichukulie kwa ajili ya mikono ya koti.